Waraka Unaohitaji Mbebaji

Maandiko ya Paulo tumezoea kuyaita nyaraka, kisha tunasahau kwamba waraka ni barua. Ulikuwa na mwandishi, ulikuwa na wanaoandikiwa, ulikuwa na mtu aliyeubeba njiani, na ulikuwa na siku ya kufika. Sura ya mwisho ya Warumi imejaa majina kiasi kwamba msomaji wa zamu akifika pale ulimi huanza kujikwaa, na wengi wetu tumeshamwona akiruka mistari. Lakini ndani ya orodha ile wamo watu wawili wanaotuhusu leo. Tertio ndiye aliyeshika kalamu, naye anajitaja mwenyewe katikati ya salamu. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, anatambulishwa kwa Warumi ili wampokee vema, na tangu zamani Kanisa limeelewa kuwa yeye ndiye aliyeubeba waraka ule mpaka Rumi. Paulo alisema, Tertio akaandika, Fibi akasafiri.

Tunawakumbuka hawa kwa sababu siku hizi waraka umerudi kwa mlango mwingine. Kwenye vikao vya vijana wa mitaa yetu hapa Songea wazo limekwisha kutolewa zaidi ya mara moja: tuachane na karatasi, tuanzishe jarida la mtandaoni, mtu ajiandikishe na kila wiki apate somo, habari za mtaa na tafakari kwenye simu yake. Duniani jambo hili si geni. Mailchimp ilianza mwaka 2001 kuwasaidia wafanyabiashara kuwaandikia wateja wao, na tangu 2017 kampuni ya Substack imewafanya waandishi wa kila namna, wakiwamo wachungaji na wanatheolojia, wawe na jarida lao bila kumwomba mhariri ruhusa. Sisi tunapenda wazo la vijana wetu. Kwa kuwa tunalipenda, tunataka lipimwe kabla halijapigiwa makofi.

Tuanze na haki yake. Jarida la barua pepe lina jema moja ambalo Facebook na Instagram hazina: msomaji ameomba mwenyewe kuandikiwa. Hakuna mashine katikati inayoamua nani aone na nani asione kwa kuangalia kama mwandishi amezua ugomvi leo. Aliyejiandikisha atapata barua yote, kwa mpangilio wake, na anaweza kuirudia baada ya mwezi. Orodha ya wasomaji ni mali ya mwandishi. Akihamia kampuni nyingine anaondoka nayo. Na kumfikishia msomaji wa mia tano hakugharimu zaidi ya kumfikishia wa kwanza. Yeyote aliyewahi kusubiri maboksi ya vitabu kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, ataelewa hapo bila kuhubiriwa.

Hata hivyo Kanisa letu lilikwisha kuifanya kazi hii kabla ya umeme, na linao mfano wa kulinganisha.

Mwaka 1888 huko Kiungani, Zanzibar, chuo cha UMCA, misheni iliyotuzaa sisi Waanglikana wa kusini, lilianza kutolewa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Linahesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Wengi wa vijana wa mwanzo wa Kiungani walikuwa wameokolewa kwenye majahazi ya watumwa, na baadhi yao walikuwa Wayao na watu wa Nyasa, yaani watu wa pande zetu hizi. Mwaka mmoja kabla yake, 1887, mwalimu wao A. C. Madan alikuwa ametoa kitabu huko London kiitwacho Kiungani, ambamo vijana hao wanasimulia walivyotekwa na kuuzwa. Masimulizi yalikuwa yao, lakini kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa Mwingereza mwenye huruma na mfuko. Hatumlaumu Madan. Sadaka za wasomaji wa namna hiyo ndizo zilizoendesha shule. Tunachotaka kionekane ni tofauti iliyoletwa na mwaka mmoja tu. Kitabu kiliwaeleza vijana wale kwa watu wengine. Msimulizi likawapa nafasi ya kusemezana wao kwa wao, kwa lugha waliyoisali na kuigombania.

Waliomaliza Kiungani walitawanywa: Magila, Masasi, Newala, Nyasa. Likoma, ambako misheni ilifanya makao yake mwaka 1885, ndiko ilikotoka injili iliyovuka ziwa mpaka Liuli, alikofia na kuzikwa Akdikoni wa Nyasa, William Percival Johnson, mwaka 1928. Hebu mfikirie mwalimu kijana aliyepelekwa kituo cha mbali, hana mwenzake wa rika lake, watoto kumi wanamwangalia usoni. Aliandika barua kwenda Kiungani. Barua ikachapwa. Gazeti likarudi bara na kuwafikia wenzake waliotawanyika kama yeye. Humo zilikuwamo habari za vituo, nani yuko wapi na kazi inaendaje, na mtu aliyezisoma alijua sura za wanaotajwa. Barua za aina hiyo hazina mapambo. Mhakiki wa fasihi angeweza kuzipita. Sisi tunaliweka Msimulizi juu ya majarida mengi ya leo kwa sababu moja: mwandishi na msomaji walikuwa watu walewale, na aliyesoma toleo hili ndiye aliyeandika toleo lijalo.

Ndugu zetu Wakatoliki wa Peramiho nao, chini ya saa moja kutoka hapa mjini, walikuwa na gazeti lao, Mwenge, na mtambo wao umechapa vitabu vilivyosomwa nchi nzima. Nyumba nyingi za Songea, hata zisizo za Wakatoliki, zina kitabu kimoja au viwili chenye jina la Peramiho chini ya jalada. Kusoma mambo ya imani si jambo tunalolianza sasa kwa sababu ya simu.

Sasa tuitazame hiyo barua pepe. Hapa kwetu anwani ya barua pepe ni kitu ambacho watu wengi wanacho bila kukitumia. Simu ilipowashwa mara ya kwanza ilidai akaunti ya Google ili Play Store ifunguke. Kijana wa dukani akaitengeneza, akatunga nywila, akabaki nayo kichwani mwake. Ukimwambia mama wa Umoja wa Akina Mama ajiandikishe kwa barua pepe, ni kama unamtuma kwenye sanduku la posta ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwisha kuhamia Makambako. Jarida litawafikia watumishi wa serikali, wanafunzi wa vyuo, na ndugu zetu walioko Dar es Salaam na nje ya nchi. Hao nao ni kanisa, na wanahitaji kuandikiwa, pengine kuliko tunavyodhani. Lakini wanaokaa mabenchi ya mbele kila Jumapili, wale ambao mtaa unasimama juu ya mabega yao, watakuwa nje ya orodha. Tutakuwa na jarida la mtaa ambalo mtaa haulisomi.

Jibu la haraka ni WhatsApp, na kweli huko ndiko maandishi yetu yanakokwenda. Mtu hununua bando la siku, anafungua makundi, anasoma. Tatizo la WhatsApp ni jingine: maandishi hupoteza kichwa na miguu. Tafakari iliyoandikwa kwa uangalifu na katekista wa Bombambili hukatwa jina, hukatwa tarehe, inaongezewa mstari wa kuwataka watu waitume kwa wengine kumi wapate baraka, na baada ya wiki mbili inarudi kwake yeye mwenyewe ikiwa na alama kwamba imesambazwa mara nyingi. WhatsApp wenyewe waliona hatari ya mtindo huo. Mwaka 2020 waliweka kikomo, ujumbe uliosambazwa mno utumwe kwa kundi moja tu kwa wakati mmoja. Msimulizi lisingeweza kufanyiwa hivyo, kwa kuwa jina la kituo lilikuwa sehemu ya habari.

Na hapa tunafika penye uzito kuliko hesabu ya wasomaji. Jarida la kanisa, kwa desturi, lina sehemu ya maombi. Tunataja wagonjwa, waliofiwa, ndoa zilizo katika shida, kijana aliyetoka kwenye ulevi. Tukisema madhabahuni, maneno yanawafikia waliomo ndani ya kuta nne, na wengi wao watapita hospitali mchana na chupa ya uji. Tukiyaandika kwenye jarida linaloweza kusambazwa, tumewapa watu wa mbali jina la mtu na ugonjwa wake. Watu hao hawatamwombea, watamjua tu. Mwajiri wake atamjua. Aliyetaka kumposa atamjua. Nchi yetu imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Tungependa kusema kwamba Kanisa halikuhitaji sheria ili kulijua hilo. Lakini tumesoma majarida ya mitaa na madhehebu mbalimbali ambamo orodha ya wagonjwa ina jina kamili, wodi na aina ya ugonjwa, chini yake picha. Hapo hatuna maneno laini: huko ni kumvua mtu nguo akiwa amelala. Mgonjwa aulizwe kwanza. Asipoweza kuulizwa, aandikwe kwa jina la ubatizo peke yake, au asiandikwe, Mungu anamfahamu.

Upande wa lugha tuna malalamiko pia, na msomaji atuvumilie kidogo. Fungua majarida ya kiroho ya Kiswahili yanayotumwa kwenye simu, utaona yanafanana kama mapacha. Yanaanza kwa shalom, yanaleta mstari mmoja uliochomolewa mahali pake, kisha msomaji anaambiwa kwamba Mungu anakwenda kumvusha katika msimu wake mpya na kumpeleka kwenye kiwango kingine. Mwishoni ni namba ya simu ya kutumia sadaka. Kiswahili chake kinasikika kimefikiriwa kwa lugha nyingine kikavalishwa kanzu. Huku kwetu msimu ni wa mahindi, una tarehe, una bei ya mbolea, na mtu akikosea tarehe hiyo familia inaona matokeo yake mwezi wa kwanza. Mwandishi anayemwambia mkulima wa Namtumbo kuhusu msimu wake bila kutaja mvua hajui anamwandikia nani. Maandishi yale yangeweza kutumwa Nairobi au Houston bila kubadili neno, na huo ndio udhaifu wake, ingawa wenyewe wanauhesabu kuwa sifa.

Kwa nini yanakuwa hivyo? Tunadhani vyombo vyenyewe vinamvuta mwandishi. Anapotuma jarida anaonyeshwa siku ileile wangapi wamefungua, wangapi wamebonyeza, wangapi wamejiondoa. Tarakimu hizo zinampendeza au zinamchoma, na taratibu anaanza kuandika kichwa cha habari kwa ajili yake. Na tarakimu zenyewe si za kuaminika sana: tangu 2021 simu na kompyuta za Apple zimeweza kuzipakua barua kabla mwenyewe hajazigusa, na barua ambayo haijasomwa na mtu ikahesabiwa kuwa imefunguliwa. Hata zingekuwa sahihi, zisingetuambia tunachotaka kujua. Paulo alipoandika Wakorintho wa Kwanza, kuanzia sura ya saba anajibu mambo ambayo wao walikuwa wamemwandikia. Alikuwa na maswali yao mezani. Jarida la mtaa likipata maswali matatu ya kweli kwa mwezi, yaliyoandikwa hata kwa penseli kwenye karatasi ya daftari na kutumbukizwa kwenye kapu la sadaka, limefanikiwa kuliko lenye wafunguaji elfu moja walio kimya.

Upo mfano mwingine nje ya Kanisa. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi, na barua hizo, za 1931 hadi 1958, zilikusanywa na Mulokozi zikatolewa kitabu mwaka 2002. Mtu huyu alikuwa na vitabu vya kuwaandikia watu wote. Hata hivyo barua zilizokusudiwa mtu mmoja, nduguye, sasa zinasomwa na watu asiowajua, nasi tunazisoma kwa hamu kwa sababu zina mtu upande wa pili. Mwandishi wa jarida la mtaa angefanya vema kumchagua mtu mmoja wa mtaa, mjane fulani au fundi baiskeli fulani, akaandika kana kwamba ni huyo peke yake atakayesoma. Wengine watajiona humo.

Kuhusu fedha na sheria tutasema kidogo tu, maana wanaopenda jambo hili mara nyingi huanzia hapo na kuishia hapo. Substack inachukua asilimia 10 ya ada za wasomaji wanaolipa, na malipo yake hupitia kampuni ya Stripe, ambayo haifungui akaunti za wafanyabiashara katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Kwa hiyo ndoto ya padre kuishi kwa jarida lake iwekwe pembeni. Tena tungesita hata kama njia ingekuwepo. Mwandishi astahili kulipwa, lakini tafakari ya kanisa iliyofungiwa nyuma ya malipo inamwacha nje yule aliyebakiza bando la shilingi mia tano. Upande wa sheria, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilipotoka ziliwataka wenye blogu na wenzao kujisajili na kulipa zaidi ya shilingi milioni mbili, na baadaye zilibadilishwa mwaka 2020 na 2022. Ofisi ya dayosisi iulize TCRA mapema jarida lake linahesabiwa kuwa nini, kabla halijatumwa.

Turudi kwa Fibi. Mzee anayeandika waraka wa Pili na wa Tatu wa Yohana anasema ana mengi ya kuandika lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika na kuzungumza ana kwa ana. Hata yeye, mwandishi, aliona kikomo cha maandishi. Nyaraka zote zile zilisomwa kwa sauti mbele ya mkutano, na asiyejua kusoma alizisikia sawa na anayejua. Kwa hiyo tunapendekeza jarida la mtaa litengenezwe kama kitu cha kusomwa kwa sauti. Lisizidi dakika saba. Litumwe kwa barua pepe kwa walio mbali, litumwe WhatsApp likiwa faili zima lenye jina la mwandishi, tarehe na jina la mtaa kila ukurasa ili lisikatwekatwe, na kwa kila kanisa dogo la kijijini awepo mtu mmoja, mwenye simu na sauti, anayejulikana kuwa ndiye msomaji wa waraka. Baada ya ibada asome. Watu waulize. Maswali ayaandike ayarudishe mjini. Kijana wa Lizaboni anayejua kompyuta na mama wa Mbamba Bay anayejua watu watakuwa wanafanya kazi moja, yeye Tertio na mama Fibi.

Linabaki suala la kuhifadhi, na hili halijasemwa kabisa kwenye vikao. Paulo anawaagiza Wakolosai wakiisha kuusoma waraka wao wahakikishe unasomwa na Walaodikia, na wao wausome ule utakaotoka Laodikia. Waraka wa Wakolosai tunao. Ule wa Laodikia hatunao. Hakuna anayejua ulipopotelea. Kampuni za mtandao hufungwa, nywila husahaulika, simu huanguka ziwani. Kumbukumbu za UMCA nazo zimetunzwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, na mtoto wa Liuli anayetaka kuchunguza walichokuwa wakiandika watu wa misheni ile hana budi kuanzia Uingereza. Nakala tatu za kila toleo zichapwe kwenye karatasi ya kawaida: moja ofisi ya dayosisi hapa Songea, moja kwenye sanduku la vitabu vya mtaa pamoja na daftari la ubatizo, moja kwa mzee wa kanisa mwenye nyumba isiyovuja.